Bakus Asiye na Uso

Tarehe 2 Oktoba, siku ya Zuhura

Ushindi! Au tuseme nusu ya ushindi. Asubuhi Ofelio ameniita kwake. Ofelio ndiye mwenye mizabibu yote kuanzia lango la Nola hadi kule milimani, na sasa amejenga ukumbi mpya wa kulia chakula. Kuta nyeupe, hazijaguswa. Nilipoziona nilimeza mate kama mtu anayetazama mkate ukitoka tanurini.

Anamtaka Bakus. Bakus mwenyewe na msafara wake wote: wanawake wake wenye wazimu wa ngoma, masatiri wenye mikia ya farasi, Mzee Sileno na punda wake, chui, majani, mashada, kila kitu. Kazi iishe kabla ya sikukuu ya kuonja mvinyo mpya. Nikamwambia amempata mtu wake, kwani katika Nola nzima hakuna anayemjua mungu wa mvinyo kuliko mimi, Trebio. Akasema hilo amelisikia, ila alilisikia kwa wauza mvinyo. Nikacheka sana. Mwenye ukuta akitania, unacheka.

Kisha pigo. Nimepewa ukuta mmoja tu! Ule wa pili, unaotazama mlango na kupata mwanga wote, amepewa mchoraji kutoka Neapoli. Mwanamke, anaitwa Kalitike. Wageni wataamua siku ya karamu, na atakayependwa atapewa kuchora hekalu dogo la Bakus pale langoni mwa mji.

Hekalu lile! Marehemu baba alichora vibanda vya wauza samaki maisha yake yote, na kila tulipopita pale langoni alisimama, akaziangalia kuta zile tupu, akasema, "Siku moja, mwanangu." Halafu tunakwenda kuchora pweza.

Nimemsimulia mke wangu Herenia. Amesema basi chora vizuri. Masikini! Kuchora vizuri ni njia ya wasio na mipango.

Tarehe 3 Oktoba, siku ya Zohali

Mpango wa kwanza. Kalitike amening'iniza shuka kubwa mbele ya ukuta wake asionekane. Mchana alipotoka kwenda uani kula jibini na tini, nilipanda jukwaa lake, nikasogeza shuka. Nia yangu ilikuwa nyepesi: kuyaona makosa yake, kisha kuyatangaza mjini.

Sikuona makosa. Niliyatafuta kwa bidii.

Kuna mwanamke mmoja wa Bakus, amechorwa kwa mgongo, anacheza. Kichwa amekitupa nyuma, nywele zimemfunguka, mkono mmoja uko juu na tari. Ameinua mguu, unyayo unaonekana. Na unyayo ni mwekundu! Ametoka kukanyaga zabibu! Sisi sote tunawachora wanawake hawa na nyayo safi kama vile wamebebwa machelani. Kalitike amekumbuka kwamba wana miguu, na kwamba haya ni mavuno. Nilisimama pale mdomo wazi. Naapa niliisikia ile tari.

Nikarudi nyuma hatua moja nimwone vizuri zaidi. Nilikuwa nimesahau niko juu ya jukwaa.

Nimeangukia pipa la rangi nyekundu. Kalitike aliingia kipande cha jibini kikiwa bado mdomoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mvi zimeanza, kucha zote zina rangi. Nikamwambia nilikuwa napima kama jukwaa lake ni imara, maana usalama wa fundi mwenzangu ni wangu pia. Akanishukuru. Akauliza nimelionaje. Nikasema ni imara, ila ni fupi.

Njia nzima watu walinipongeza kwa kukanyaga zabibu mwaka huu. Herenia hakunipongeza. Alisema nivue kila kitu hapohapo mlangoni, jirani waone wasione.

Tarehe 5 Oktoba, siku ya Mwezi

Nimeigundua siri yake! Anachora watu hai. Basi nami nitachora watu hai.

Mzee Sileno, mlezi wa Bakus, ni mnene, ana upara, na hupanda punda akiwa hajitambui kwa mvinyo. Nani Nola nzima anafaa kuliko shemeji yangu Pakio? Tumbo analo. Upara anao. Punda anaye. Na ule ulevi hana haja ya kuuigiza.

Nikamwambia atapata heshima kubwa. Akauliza, "Heshima ipi, shemeji, nyeupe au nyekundu?" Nikamletea jagi la nyekundu.

Tulimwingiza punda ukumbini, tukampandisha Pakio, nikamvika shada la majani. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri mno. Kisha Pakio akalala. Akaanza kuteleza upande, polepole, kama asali inavyoshuka kijikoni. Nikipiga brashi moja namsukuma arudi. Punda naye akageuza shingo akala shada. Akala majani niliyofunga nguzoni ya kunakilia. Akatembea, na Pakio juu yake, hadi kwenye kikapu cha Kalitike, akala tini zote.

Kalitike akatoka nyuma ya shuka lake. Nilidhani atalalamika kwa Ofelio. Alicheka hadi akaketi chini. Akamwambia Pakio, "Mzee wangu, ukianguka, angukia kwa fundi Trebio. Upande wangu lipu bado mbichi."

Nilikasirika sana. Lipu ikikauka rangi haishiki tena, lazima umalize ingali na majimaji, na mimi nilikuwa nimepoteza nusu ya siku nikimsukuma shemeji. Sileno nimemchora kwa uangalifu mkubwa, nikifikiria kila mstari. Amefanana na gunia la unga lenye masikio. Punda nimemchora mwishoni, kwa hasira, bila kufikiri lolote, nikimtukana. Ametokea tu. Anatafuna, jicho moja linakutazama kama anayekujua tabia.

Lakini hilo halinisaidii. Nani anakwenda karamuni kumtazama punda?

Tarehe 6 Oktoba, siku ya Mirihi

Wazo limenijia nikinawa uso. Bakus wa Kalitike hana ndevu!

Nimeuona mchoro wake wa awali ukutani. Kijana, nywele ndefu, shavu laini kama la bibi harusi. Kumbe mungu wa babu zetu alikuwa na ndevu, tena ndevu za haja! Nikaenda kwa Ofelio na uso wa msiba. Nikamwambia mimi si mtu wa kusema wenzangu, lakini sikukuu inakaribia, na mungu akikasirika mwaka ujao zabibu zitakuwa siki.

Ofelio alishtuka. Akanishika mkono, akanipeleka hadi mbele ya Kalitike, akaniambia nirudie niliyosema. Hilo halikuwamo katika mpango. Nikayarudia kwa sauti ya chini, nikitazama viatu vyangu.

Kalitike hakukasirika hata kidogo! Akasema fundi Trebio amesema kweli, mungu huyu ana ndevu. Na hana. Ni mzee, ni kijana, akitaka anavaa gauni, akitaka anakuja chui, akitaka anakuja fahali. Ukidhani umemkamata, umeshika jani. "Wewe mwenyewe, bwana Ofelio," akasema, "mvinyo wako una ladha ileile kila mwaka?"

Ofelio akajipiga paja. Akasema, "Ehe! Basi ukuta mmoja awe kijana, na mwingine awe na ndevu, kama Trebio alivyotushauri. Trebio, kumbe una busara, mbona ulikuwa unaificha?"

Nimepongezwa na kupewa mikono. Ni balaa tupu. Sijawahi kuchora ndevu za mungu. Ndevu zangu zote hutoka kama kiota ambacho ndege wamekihama.

Tarehe 7 Oktoba, siku ya Utaridi

Herenia ameniokoa, ingawa sikumwambia hivyo. Kwao kuna kikombe cha kale ambacho babu yake alikifukua kondeni akilima. Kipana, cheusi na chekundu, kazi ya Wagiriki wa zamani hizo. Ameniletea, amekifunga kwenye sketi yake ya sufu kama mtoto mchanga. Akasema nikikivunja nisirudi nyumbani, nikaishi na punda.

Nje kuna macho mawili makubwa. Ukikiinua kunywa, kikombe kinakufunika uso na macho yale yanakuwa yako, na wenzako mezani wanaona uso mwingine unawatazama. Nimejaribu mbele ya Herenia. Akasema sasa nimekuwa na sura nzuri.

Ndani, chini kabisa, pale unapofika mvinyo ukiisha, yuko mungu. Ana ndevu! Anatembea peke yake, joho hadi miguuni, tawi la mzabibu begani, kikombe mkononi. Ndevu zake zinashuka kama maji yanayomwagwa taratibu. Hatabasamu, hakasiriki. Anapita tu, na ukimtazama unataka kuinuka umfuate. Mistari michache tu, jamani! Nimejaribu kuifuata kwa kidole. Nilifikiri aliyeichora alikuwa na mchana kutwa. Hapana. Alikuwa na mkono tu, basi. Amekufa enzi za mababu wa mababu, mfupa wake hata haujulikani uliko, na mkono wake bado unatembea humu ndani.

Nimekaa nacho hadi chakula kikapoa. Kwa muda huo wote sikupanga hila yoyote. Nilihisi vibaya kidogo, kama mtu aliyetoka bila mkanda.

Nimefanya mazoezi kwenye mlango wa zizi. Ndevu zinaanza kuja. Keshokutwa uso wa mungu wangu, na nitashinda!

Tarehe 9 Oktoba, siku ya Zuhura

Siku ndefu. Mikono inaniuma hata kuandika.

Asubuhi fundi lipu alitupigia vipande vya mwisho, kimoja ukuta wangu, kimoja wake. Vyote viwili vya uso. Kwangu uso wenye ndevu. Kwake uso wa yule kijana, ambao watumishi wa Ofelio wanasema ameuwaza tangu alipofika, na anauchora kwenye kila kigae anachookota.

Nikaona nafasi. Juzi Kalitike alilalamika kwamba buluu yake ya bahari imemwishia. Nikamtuma Pakio akamwambie kuwa muuza buluu kutoka Puteoli amekwama kwenye lango letu la njia ya Neapoli, nyumbu wake anachechemea, hataingia mjini, na ana haraka ya kurudi. Hakuna muuza buluu. Hakuna hata nyumbu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: angemsubiri pale juani, lipu ingekauka, na mungu wake angebaki bila uso. Pakio akauliza kama hili ni jambo jema. Nikamwambia ni jambo la kitaalamu.

Kalitike akaacha kila kitu, akatoka mbio, akasema anarudi sasa hivi.

Nikashika brashi. Nikachanganya rangi ya ndevu. Kisha nikasema nipite nyuma ya shuka lake mara moja tu, kuhakikisha.

Sasa ukuta wake ulikuwa umekamilika wote isipokuwa pale. Ni kisiwani. Ariadne amelala mchangani, yule binti aliyeachwa na mchumba wake usingizini, merikebu inaonekana kule mbali ikikimbia. Na msafara wa Bakus umefika na kelele zake zote, na umesimama ghafla. Satiri mmoja ameinua pembe ya shuka la binti, na mkono umeganda hapohapo. Mwingine ameufunika mdomo wa filimbi kwa kiganja isitoe hata mlio mmoja. Chui ameketi kama paka wa nyumbani. Yule mwenye unyayo mwekundu peke yake bado anacheza, hajapata habari. Na wengine wote, hadi chui, wanatazama mahali pamoja. Wanamtazama mungu wao, waone atafanya nini.

Na pale mahali palikuwa na lipu tupu.

Nikagusa. Kingo zilikuwa zimeanza kupauka.

Sijui kilichonipata. Moyo ulinidunda kama mwizi. Nikachovya matambara majini nikayatandaza juu ya kile kipande. Nikaziba dirisha upepo usiingie. Nikavunja tawi nikawa narashia maji kama kuhani mwenye kichaa. Nikamwita Pakio akamrudishe Kalitike haraka. Kumbe Pakio amepata kiu njiani, yuko kwa muuza mvinyo. Tambara lilikuwa likiteleza kila nikiliachia, nikabaki nimelishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, siwezi kwenda popote.

Herenia akaja na chakula changu cha mchana. Akasimama. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akauliza, "Trebio, huu si ukuta wa yule mama?"

Nikamwambia asiniulize maswali magumu.

Akauliza mwenye ukuta yuko wapi. Nikasema lango la Neapoli. Akauliza nani kampeleka. Nikasema mikono inaniuma. Herenia amenijua tangu ujana. Hakuuliza tena. Akanitia mkate mdomoni, kwa kuwa mikono yangu haikuwa na nafasi, akajifunga mtandio, akaenda langoni mwenyewe.

Kalitike alirudi amejaa vumbi, anahema. Aliondoa tambara mikononi mwangu, akagusa lipu kwa mgongo wa kidole, akafumba macho kidogo. Kisha akachukua brashi.

Ningeondoka. Sikuondoka. Nani angeondoka? Alianza na nyusi. Halafu kivuli cha pua. Halafu mdomo, umefunguka kidogo tu, kama mtu aliyekuwa anataka kucheka na kicheko kimemfia njiani. Na macho. Mungu amekuja na ulevi wake, na ngoma zake, na wazimu wake, amezoea kuwapiga watu bumbuwazi popote apitapo. Na sasa yeye ndiye amepigwa bumbuwazi. Uso mzima unasema: nyamazeni, asiamke. Sijawahi kuona mungu akiogopa kumwamsha mtu. Machozi yalinitoka. Nilisema ni chokaa.

Kalitike akaweka brashi chini. Akasema, "Basi." Ndipo mimi nikakumbuka.

Ukuta wangu! Nilikimbia. Lipu yangu ilikuwa kavu kama mfupa. Joho safi, tawi safi, kikombe mkononi, na juu ya shingo duara jeupe. Sina Bakus. Nina yai limevaa joho.

Tarehe 10 Oktoba, siku ya Zohali

Fundi lipu anasema hakuna kubandua wala kupiga upya, haitawahi. Amesema na mengine ambayo siyaandiki.

Mpango mpya, na huu hauna kosa. Nimekoroga rangi na ute wa mayai, nikamchora uso na ndevu juu ya lipu kavu. Ndevu nyingi, tabaka juu ya tabaka, maana mahali pasipo na ufundi weka wingi. Herenia ameuliza mayai yake yote yameenda wapi. Nimemwambia kwa mungu.

Nikisogea mbali na kukunja jicho moja, anapendeza. Nitahakikisha wageni wanakaa mbali. Kuhusu jicho moja bado natafakari.

Tarehe 11 Oktoba, siku ya Jua

Nimerudi kutoka karamuni. Niandike kwa utaratibu.

Ofelio alialika watu wote wazito wa mji. Mvinyo mpya ukaletwa, na wa zamani ukapashwa moto pamoja na asali, na watumishi, bila kuniuliza, wakaweka majiko ya makaa chini ya ukuta wangu.

Kwanza waliutazama ukuta wa Kalitike. Waliingia wakipiga kelele, wakafika mbele yake, na kelele ikaisha. Mtu mzima mmoja, mfanyabiashara wa mafuta, alikuwa katikati ya kisa cha ng'ombe wake. Hakukimaliza. Mke wa Ofelio aliteremsha sauti akasema, "Msimwamshe." Si kwa mzaha! Na mimi niliyekuwa nimeuona tayari, nikajikuta nimeweka kidole mdomoni. Hivyo ndivyo kazi ya mkono wa mtu inavyoweza kuwa. Nilijawa na wivu na furaha kwa pamoja, sikujua kipi nikimeze.

Kisha wakageuka kwangu. Mvuke wa mvinyo ulikuwa umepanda ukutani kwa muda wote ule. Hakimu wa mji akaja karibu, mtu mwenye kidevu kirefu, akainua kikombe chake kumsalimu mungu. Ndevu zikaanguka.

Zilianguka zote kwa mkupuo, kama kipande cha ukoko, zikatumbukia ndani ya kikombe cha hakimu. Pua ikafuata. Likabaki lile duara jeupe.

Nilitafuta mlango kwa macho. Wageni walikuwa wameuziba.

Ndipo shemeji yangu Pakio, ambaye hata hakualikwa, akayumba hadi ukutani. Nilikuwa nimemchora mungu kimo cha mtu. Pakio akageuka, akaegemeza upara wake palepale penye weupe, akanyoosha mkono sambamba na mkono niliouchora, akatabasamu. Jamani! Joho likawa lake. Tawi likawa begani pake. Akasema kwa sauti nzito, "Haya, watoto wangu, nani kaniita?"

Ukumbi ulilipuka. Ofelio alicheka hadi akashikiliwa. Kisha akamsukuma Pakio kando, akaegemea yeye. Kisha hakimu, akiwa na ndevu zangu amezichomoa kikombeni na kuzibandika kidevuni kwake. Kisha mabibi. Mfanyabiashara wa mafuta aliegemea akaanza kulia, akasema tangu azaliwe hajawahi kuwa mrembo. Kila mtu alitaka awe Bakus, na kila aliyekuwa Bakus alikuwa na uso tofauti, mzee, kijana, mwanamke, mnene, na kila mara mungu alikuwa yeye kabisa. Nimehudhuria karamu nyingi. Sijaona iliyomkaribisha mungu mwenyewe namna ile.

Ofelio ametangaza kuwa ole wake atakayemtia uso mungu huyu. Lakini hekalu amempa Kalitike. Hata hakusita, na hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, ingawa nilikuwa nimeandaa hoja.

Tarehe 13 Oktoba, siku ya Mirihi

Nola nzima inaongea. Nimeanza kueleza watu kwamba niliacha weupe ule kwa makusudi, na zile ndevu zilitengenezwa zianguke. Wengi wanaamini. Herenia akisikia anakwenda chumba kingine.

Mchana Kalitike amekuja nyumbani. Amekula maharage yetu. Kisha akaniuliza, wazi kabisa, ni nani aliyemzulia muuza buluu wa Puteoli. Nikapigwa na kikohozi. Akasubiri kikohozi kiishe. Akauliza ni nani aliyeishikilia lipu ya mwenzake na kuiacha yake mwenyewe ikauke. Kikohozi kikarudi.

Akasema, "Nimekutana na wachoraji wengi wenye hila, fundi Trebio. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona anashindwa kuimaliza hila yake kwa sababu ya uso."

Halafu akasema kitu cha ajabu. Amezunguka kutoka Neapoli hadi Roma na hajaona punda kama wangu. Anasema amesimama mbele ya yule punda mara nyingi kuliko mbele ya kazi yake mwenyewe, na bado hajui nimefanyaje. Anataka niende naye hekaluni. Yeye miungu na watu, mimi wanyama wote: chui, mbuzi, fahali, punda. Jina langu litaandikwa chini, pamoja na lake. Pale langoni.

Herenia akajibu kwa niaba yangu. Akasema, "Anakuja." Baadaye nikaenda uani nikasimama peke yangu. Nilimfikiria baba na pweza wake.

Baada ya kutafakari vizuri, nimeielewa hali. Kalitike ananiogopa. Ameona njia pekee ya kunidhibiti ni kuniweka karibu.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya Utaridi

Leo tumeanza hekaluni! Kuta ni nzuri mno, zinapokea mwanga tangu alfajiri. Kalitike ametoa mchoro: msafara mzima wa Bakus unaingia mjini, yeye katikati kwenye gari linalovutwa na chui, anang'aa. Nilipomwona, hata kwa mistari ya mkaa tu, nywele zilinisimama. Yule mama hana mfano.

Mimi nimepewa kuanza na mbuzi wa sadaka. Chini, pembeni, kushoto. Amesema asizidi goti la mungu. Nikasema sawa kabisa, dada yangu.

Lakini goti bado halijachorwa. Kuna mkaa tu, na mkaa hufutika kwa kiwiko.

Hivyo basi, mpango. Leo nimemchora kwato, kubwa kidogo kuliko ilivyopangwa. Kidogo tu. Kesho mguu unaoendana na kwato hizo. Keshokutwa tumbo linaloendana na mguu. Kila siku nitapanda kidogo, polepole, kwa adabu, mtu asihisi, na pembe nimeziachia nafasi hadi darini. Mambo haya yakienda taratibu hakuna anayeona.

Herenia ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni furaha ya kazi. Akasema, "Trebio, nakuomba." Nikamuuliza ananiomba nini, akasema hajui bado, lakini ananiomba.

Hana haja ya kuhofu. Kufikia mavuno yajayo Bakus atakuwa amesimama nyuma ya mbuzi, na kila aingiaye Nola atauliza mbuzi huyu ni wa nani.